Meli iliyosogea kutafuta mtandao: kisa cha Wakashio huko Morisi

Saa 1:25 usiku wa Jumamosi, tarehe 25 Julai 2020, meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba mbele ya Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa Morisi, au Mauritius kama wengi wanavyozoea kuiandika. Kimbunga hakikuwapo, Julai si majira yake. Hakuna aliyeifukuza wala kuigonga. Ilijiendea kwa mwendo wake wa safari mpaka ikakaa juu ya matumbawe, mahali penye kina cha mita 10, maili 0.9 za baharini kutoka nchi kavu.

Ilikuwa meli ya mizigo ya kichele, ile inayobeba chuma ghafi, makaa ya mawe au nafaka bila kufungashwa. Urefu wake karibu mita 300, uwezo wake zaidi ya tani 200,000. Usiku ule matumbo yake yalikuwa matupu, kwani ilitoka Uchina kupitia Singapore ikielekea Brazili kupakia chuma ghafi. Ndani mlikuwa na mabaharia 20, wengi wao Wafilipino, pamoja na Wahindi na Msri Lanka mmoja. Na ndani ya matangi yake mlikuwa na takriban tani 3,900 za mafuta mazito ya injini, tani 200 na ushei za dizeli, na tani 90 za mafuta ya kulainisha mitambo. Kwa meli isiyo na mzigo, huo peke yake ni mzigo. Zipo meli ndogo za kusafirisha mafuta ambazo shehena yao yote haifiki hapo.

Katika hayo, yaliyomwagika ni kama tani 1,000. Kwa hesabu za dunia si mengi: Exxon Valdez kule Alaska mwaka 1989 ilimwaga takriban tani 37,000. Kwa nini basi tani 1,000 zikaifanya nchi nzima itangaze hali ya dharura ya mazingira, zikawatoa makumi ya maelfu ya watu barabarani, na mpaka leo zinasomwa vyuoni? Kwanza, mahali zilipomwagikia. Pili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, Morisi ni nchi ndogo kwa ardhi lakini ina bahari kubwa mno kuliko mikono yake. Ardhi yake yote ni kilomita za mraba zipatazo 2,040, chini ya eneo la Unguja na Pemba vikijumlishwa. Bahari inayohesabu kuwa ni yake, ukijumlisha na ile ya Visiwa vya Chagos, ni kilomita za mraba milioni 2.3. Njia ya meli, bendera, bima, mkataba wa fidia, hata pampu za kunyonyea mafuta, vyote vilikuwa mikononi mwa watu walio mbali. Kilichobaki mikononi mwa wenyeji ni majani ya miwa.

Jinsi meli ilivyofika pale

Wakashio ilimilikiwa na kampuni ya Kijapani, Nagashiki Shipping, kupitia kampuni yake tanzu. Iliyoikodi ni Mitsui O.S.K. Lines, nayo ya Japani. Ilipeperusha bendera ya Panama. Mpangilio huu ni wa kawaida kabisa katika biashara ya meli, wala haukuwa na ufisadi wowote. Ila tayari tumetaja nchi mbili na Morisi haimo.

Njia ya awali iliyochorwa ingeipitisha meli maili 22 za baharini kutoka kisiwani. Kwa maelezo ambayo Mitsui O.S.K. Lines yenyewe iliyatoa Desemba 2020, tarehe 23 Julai, siku mbili kabla ya ajali, wakuu wa meli waliamua kuisogeza njia hiyo hadi maili 5. Siku ya tukio wakajaribu kuisogeza tena, hadi maili 2. Sababu? Walitaka simu zao zipate mtandao.

Ramani ya baharini waliyoitumia haikuwa na kipimo cha kutosha kuonyesha umbali halisi wa pwani na kina cha maji. Na aliyekuwa zamu hakuwa akitazama ipasavyo, si kwa macho, si kwa rada. Baadaye mahakamani ilisemwa pia kwamba ndani ya meli palikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa ya baharia mmoja, na kwamba nahodha alikuwa amekunywa.

Hapa watu wengi hucheka kwa uchungu, na wana haki. Lakini nani kati yetu hajawahi kupanda kichuguu, au kusimama juu ya jiwe nyuma ya nyumba, mkono juu, akisaka mtandao ili asikie sauti ya nyumbani? Mwaka 2020 bandari nyingi zilifungwa kwa sababu ya korona. Mabaharia hawakuweza kubadilishana zamu. Kufikia mwisho wa mwaka ule takriban 400,000 duniani walikuwa wamekwama vyomboni, mikataba yao imekwisha na hawana njia ya kurudi makwao. Hilo halimtakasi aliyekuwa zamu. Linatuambia tu kwamba meli ya karibu mita 300 ilikuwa na mawasiliano duni kwa watu wake kiasi cha kuwafanya waikaribie nchi ya watu ili wapige simu. Mitsui O.S.K. Lines yenyewe baadaye iliahidi kuboresha intaneti ndani ya meli zake. Dawa ilikuwa rahisi hivyo.

Kuna jambo la sheria ambalo mara nyingi linarukwa. Maili 12 za kwanza kutoka pwani ni bahari ya nchi husika. Nje ya hapo, ndani ya eneo lake la kiuchumi, nchi ina haki juu ya samaki na madini lakini meli zinapita kama zipitavyo bahari kuu. Kwa njia ya maili 22 Wakashio isingeigusa bahari hiyo ya Morisi. Kwa njia ya maili 5 iliingia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa kila meli ruhusa ya kupita humo kwa amani bila kuomba, mradi ipite moja kwa moja bila kuzurura. Nchi ya pwani haina mamlaka ya kuirudisha kwa sababu tu imesogea. Inaweza kuiita kwa redio na kuionya. Kwa maelezo ya maofisa wa Morisi, walinzi wa pwani waliita, wakaita tena, bila kujibiwa.

Naomba hapa tusiwasamehe upesi mno. Meli ya mita 300 ikielekeza omo yake, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye mwamba haijifichi. Mjadala wa nani aliiona lini, na alifanya nini alipoiona, uliitesa serikali ya Waziri Mkuu Pravind Jugnauth kwa muda mrefu. Hata hivyo, mlinzi mwenye rada na redio lakini asiye na tagi ya kutosha kuvuta chombo cha namna ile angeweza kufanya kidogo tu: kuangalia kikija.

Siku kumi na mbili

Kutoka tarehe 25 Julai hadi tarehe 6 Agosti ni siku 12. Katika siku hizo meli ilikuwa nzima, imekaa juu ya mwamba, na mafuta yake yote yamo ndani. Ukitaka kukielewa kisa hiki, kaa hapo.

Kampuni ya uokoaji wa vyombo, SMIT Salvage ya Uholanzi, ilipewa kazi. Mipaka ya Morisi ilikuwa imefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, kwa hiyo wataalamu na vifaa havikuingia kama vingeingia mwaka mwingine. Tagi zenye nguvu zilipaswa kutoka mbali. Bahari nayo ilikuwa na lake. Pwani ya kusini-mashariki ndiyo inayoelekea upepo. Pepo zinazovuma pale mwezi Julai ni pepo zilezile ambazo zikipinda kuelekea kaskazini zinatufikia sisi kama kusi, na mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa bahari ya kusi ilivyo. Mawimbi yaliipiga meli mchana na usiku, ikiwa imenasa. Chuma kilichoundwa kuelea kilikuwa kikikunjwa kama bati.

Serikali ilisema hali ya hewa ndiyo iliyozuia kuyahamisha mafuta, na kwamba ilifuata ushauri wa wataalamu. Wapinzani, wanaharakati na wavuvi wa Mahébourg walisema kipaumbele kilipewa kuinasua meli, na kwamba mafuta yalipaswa kuanza kunyonywa tangu siku ya kwanza au angalau kuwekewa vizuizi vya kuelea vya kutosha. Mimi sikuwa baharini siku zile, na kuhukumu ukiwa nchi kavu ni kazi nyepesi. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji ubaharia. Baada ya tangi kupasuka tarehe 6 Agosti, mafuta yaliyobaki, takriban tani 3,000, yalinyonywa hadi kukaribia kwisha kufikia tarehe 12 Agosti. Siku sita. Helikopta na matishari vilipatikana. Bahari haikuwa imegeuka ziwa. Swali linabaki wazi kama jeraha: kilichowezekana katika siku sita za baada kwa nini hakikuwezekana katika siku kumi na mbili za kabla?

Tarehe 7 Agosti Jugnauth alitangaza hali ya dharura ya mazingira na kuiomba Ufaransa msaada. Ndege ya kijeshi na meli zikatoka kisiwa cha jirani cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa. Japani na India nazo zikatuma watu na vifaa. Waziri wa Mazingira, Kavy Ramano, alikiri kwamba nchi haikuwa na vifaa vya kukabili janga la ukubwa ule. Ni kauli ya kweli, na ndiyo maana inauma.

Tarehe 15 Agosti meli ilikatika vipande viwili. Wahenga wetu wa baharini walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: uende nyuma ya chombo au mbele, utarejea chini yake kabisa. Omo ilivutwa ikazamishwa kwenye kina kirefu tarehe 24 Agosti, huku vikundi vya mazingira vikipinga. Tezi ilibaki juu ya mwamba, na kuikatakata kipande kwa kipande kukaendelea hadi mwanzoni mwa 2022. Ya ngamani yalikuwa yameshafika ufukweni.

Mahali penyewe

Ukiichukua ramani ya Morisi na kutafuta sehemu mbaya kuliko zote ya kumwaga mafuta, kidole chako kitatua jirani kabisa na Pointe d'Esny. Kusini yake kuna Hifadhi ya Bahari ya Blue Bay, yenye matumbawe ambayo watalii huyaona kupitia mashua za chini ya kioo. Nyuma ya ufukwe kuna ardhi oevu ya Pointe d'Esny yenye mikoko. Zote mbili zimo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za umuhimu wa kimataifa, na Morisi nzima ina tatu tu. Mbele ya ufukwe kuna Ile aux Aigrettes, kisiwa cha hekta 26.

Kisiwa hicho kidogo kinastahili aya zake. Waholanzi walipotua ghuba hii mwaka 1598, Morisi ilikuwa msitu mtupu wa mpingo wa huko na miti mingine isiyopatikana popote pengine. Katika muda usiofika karne moja, ndege dodo akatoweka. Mpingo ukakatwa ukapelekwa Ulaya, kisha miwa ikachukua nafasi. Leo msitu wa asili ulio katika hali nzuri hauzidi asilimia 2 ya kisiwa. Kwa hiyo mtu akikuambia hali ya mazingira ya Morisi iliharibiwa na meli mwaka 2020, mwambie meli zilianza kuiharibu zamani. Hii ilikuja kukuta masalia.

Na Ile aux Aigrettes ndipo masalia yalipokusanywa. Shirika la Mauritian Wildlife Foundation limefanya kazi pale kwa miongo, likiondoa panya, paka na magugu ya kigeni, likirudisha mimea ya pwani ya asili na viumbe wake. Njiwa wa rangi ya waridi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 porini walikuwa wamebaki kama kumi tu, anaishi pale. Yupo kinengo wa Telfair, aina ya mjusi mnene anayekimbia mchana. Wapo kobe wakubwa walioletwa kutoka Aldabra wachukue nafasi ya kobe wa Morisi waliokwisha kuliwa na mabaharia wa kale, kwa sababu kuna mbegu ambazo hazioti vizuri mpaka zipite tumboni mwa kobe. Ni kazi ya subira, ya mtu anayepanda mti akijua kivuli si chake.

Upepo wa kusini-mashariki uliyasukuma mafuta hadi upande wa ndani wa mwamba, yakakizunguka kisiwa hicho, yakapanda kaskazini kuelekea Mahébourg na Vieux Grand Port. Wahifadhi walikimbia na maelfu ya miche kutoka kitalu cha kisiwani na baadhi ya ndege na mijusi, wakavihamishia bara. Mijusi wengine wa visiwa vidogo vya jirani walisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Jersey, kisiwa kilicho chini ya taji la Uingereza, wakazaliane huko kama akiba.

Mikoko ndiyo iliyopata taabu ya muda mrefu. Matumbawe yako chini na mafuta mengi yaliyapita kwa juu. Jua na mawimbi hulivunja tabaka. Mkoko haupitwi. Mizizi yake inayotoka nje ya tope ndiyo pua zake, na mafuta yakiipaka ni kama umemziba mtu pua kwa lami. Huwezi kuupigia maji ya nguvu ukaung'oa, huwezi kumwaga sabuni ukaua kaa na chaza. Unakaa topeni na kitambaa, mzizi kwa mzizi. Waliowahi kusafisha mashua iliyopakwa mafuta ya papa watanielewa kidogo. Wengine wafikirie kusafisha manyoya ya kuku aliyeanguka kwenye oili chafu ya gereji, kisha wazidishe kwa ghuba nzima.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya aina mpya. Tangu tarehe 1 Januari 2020 meli za dunia zilitakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, badala ya 3.5 ya zamani, ili moshi wake usiue watu wa mijini na bandarini. Wakashio ikawa umwagikaji mkubwa wa kwanza wa mafuta hayo, na wataalamu wa usafishaji hawakuwa na uzoefu nayo. Uchunguzi wa maabara ulikuja kuonyesha kuwa yalikuwa na kemikali chache za sumu kuliko mafuta mazito ya zamani. Hilo lilikuwa bahati. Halikuwa mpango wa mtu.

Majani ya miwa

Serikali iliwaambia watu wakae nyumbani, kazi waachiwe wenye mamlaka, na sehemu za pwani zikafungwa. Watu hawakusikia. Mahébourg ni mji wa wavuvi wa madema na mishipi. Watalii walikuwa wameshakatika kwa zaidi ya miezi minne, na maji ya ndani ya mwamba ndiyo yaliyobaki kuwa ghala. Walitoka kwa maelfu.

Agosti ni wakati wa mavuno ya miwa, kwa hiyo majani makavu yalikuwa tele. Waliyashindilia ndani ya nyavu na viroba, wakavishona virefu kama nyoka, wakafunga chupa tupu za plastiki ili vielee, wakaviburuta baharini. Kina mama walishona, watoto wa shule walijaza, wavuvi walivuta. Saluni zilikusanya nywele, kwa kuwa nywele hunasa mafuta na kuacha maji. Viliundwa vizuizi vya kilomita kadhaa katika siku chache, kabla ya vya kiwandani kufika vya kutosha. Chama cha mazingira cha Eco-Sud, chenye makao Mahébourg kwenyewe, kilikuwa kati ya waratibu.

Ukiniuliza ni nini kilichofanya kazi katika kisa hiki chote, nitataja hiki. Si kwa sababu majani ya miwa ni teknolojia bora. Yakishalowa sana huzama, na watu wengi waliingia kwenye mafuta bila glavu wala barakoa wakarudi na vichwa vinauma. Ni kwa sababu yalifika kwa wakati. Kizuizi dhaifu kilicho majini leo kinashika mafuta. Kizuri kilicho bohari ya ng'ambo hakishiki hata tone. Walioandika mipango ya dharura ya nchi hawakuwa wamewaweka watu hawa ndani yake hata kama mstari mmoja, na walipojitokeza wakaonekana ni kero.

Nani analipa, na kwa kipimo gani

Sasa tuingie mahali pakavu, lakini ndipo penye mfupa. Meli ya kubeba mafuta ikiyamwaga, kuna mfuko wa kimataifa wa fidia, makao yake London, ambao unaweza kufikisha malipo hadi vipimo milioni 203 vya sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani dola za Marekani zaidi ya milioni 250. Wakashio haikuwa meli ya kubeba mafuta. Ilikuwa meli ya kubeba chuma ghafi iliyobeba mafuta ya kujiendeshea. Samaki wa Mahébourg hawakuijua tofauti hiyo, sheria inaijua. Mfuko haukuguswa.

Kinachohusika ni mkataba mwingine, wa 2001, unaohusu mafuta ya injini za meli. Huo unamlazimisha mwenye meli awe na bima na awajibike hata bila kuthibitishwa uzembe, jambo jema. Lakini haukuweka ukomo wake wa fidia. Unamruhusu mwenye meli ajikinge kwa mikataba ya zamani ya ukomo wa dhima. Na huko kuna matoleo mawili. Toleo la 1976, ambalo Morisi ilikuwa imejiunga nalo, lilikadiriwa kuifikisha fidia ya meli ya ukubwa ule kama yeni bilioni 2. Toleo lililorekebishwa 1996, ambalo Japani ilikuwa imejiunga nalo, lingefika kama yeni bilioni 7. Karatasi moja ambayo haikutiwa saini kwa wakati, na tofauti ni zaidi ya mara tatu.

Tazama pia jinsi ukomo huo unavyokokotolewa: kwa ujazo wa meli. Haijalishi imepanda mwamba wa jangwa au mwamba wa Blue Bay. Chombo kikubwa kina ukomo mkubwa, kidogo kina ukomo mdogo, na jeraha halimo kwenye hesabu. Sheria ilitungwa ili wenye meli waweze kupata bima. Haikutungwa na watu wenye mikoko.

Mitsui O.S.K. Lines, ambayo kisheria ilikuwa mkodi tu, iliahidi mwezi Septemba 2020 kutoa yeni bilioni 1 kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kurejesha mazingira na kusaidia jamii. Ni fedha za hiari, na hapo ndipo tatizo. Anayelipwa kwa hiari hushukuru, hadai.

Yaliyofuata

Kuanzia tarehe 26 Agosti, pomboo weusi wa vichwa vya mviringo walianza kukutwa wamekufa pwani ya kusini-mashariki, mmoja baada ya mwingine, hadi wakafika takriban 50. Uchunguzi wa awali wa serikali haukuonyesha kuwa mafuta ndiyo yaliyowaua. Watu wengi hawakuamini, wengine wakitaja kuzamishwa kwa omo siku mbili tu kabla. Pomboo wa aina hiyo wamewahi kukwama kwa makundi sehemu nyingine bila mafuta yoyote, kwa hiyo mimi siwezi kuwahesabu katika bili ya Wakashio. Lakini naelewa kwa nini mtu aliyedanganywa mara moja juu ya meli haamini akiambiwa juu ya pomboo.

Tarehe 29 Agosti makumi ya maelfu waliandamana Port Louis, mji mkuu, wengi wamevaa nyeusi. Siku mbili baadaye, tagi Sir Gaëtan Duval, iliyokuwa ikivuta tishari lililotumika katika kazi za mafuta, iligongana nalo usiku wa bahari chafu kaskazini-mashariki mwa kisiwa na kuzama. Miili mitatu ilipatikana. Nahodha wake hakuonekana. Hawa ndio watu waliokufa katika kisa hiki, na husahaulika. Picha za pomboo zilizunguka dunia, za mabaharia wa tagi hazikuzunguka.

Nahodha wa Wakashio na ofisa wake wa kwanza walikamatwa Agosti 2020, na Desemba 2021 mahakama ikawapa kila mmoja kifungo cha miezi 20 kwa kuhatarisha usafiri salama wa baharini. Kwa kuwa muda waliokaa rumande ulihesabiwa, waliachiwa wakaenda makwao.

Kwa nini nasema hakuna aliyeshtukizwa

Mwezi Juni 2016, meli nyingine ya kichele, Benita, ilipanda mwamba huko Le Bouchon, kilomita chache tu kusini-magharibi mwa Pointe d'Esny. Sababu ilikuwa nyingine, vurugu za mabaharia wenyewe kwa wenyewe ndani ya chombo. Mafuta yake yalinyonywa, ikanasuliwa, kisha ikazama ikiwa njiani kuvutwa. Miaka minne kabla ya Wakashio, basi, Morisi ilikuwa imeshafanyiwa jaribio kamili pwani ileile: meli kubwa, mwamba, upepo uleule wa kusi, na kazi ya kuyatoa mafuta kabla hayajatoka yenyewe. Jaribio lile lilikwisha vizuri kiasi, na nadhani ndiyo sababu halikufundisha. Hakuna akiba ya vizuizi vya kutosha iliyowekwa Mahébourg, na toleo la 1996 la mkataba lilibaki bila kuguswa.

Halafu tarehe 7 Machi 2021, miezi saba baada ya tangi la Wakashio kupasuka na tezi yake ikiwa bado juu ya mwamba, meli ya uvuvi ya Uchina, Lurong Yuan Yu 588, ilipanda mwamba Pointe aux Sables, karibu na mji mkuu, ikiwa na tani 130 za mafuta. Safari hii hakuna aliyengoja kuona bahari itatulia lini. Vizuizi vilitandazwa kuizunguka, na wavuvi wa upande ule walifika ufukweni wakiwa tayari wanajua viroba vinashonwaje.